Acheni kupima akili ya mtoto kwa mdomo wake

Kuna stika inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu sijui lini. Mtoto wa miaka kama mitano, mdomo wazi, mate yamemtiririka hadi kifuani, macho kwa kamera. Juu yake mtu ameandika maneno ya kumkejeli yeyote ambaye hajaelewa kitu. Umeiona. Pengine umeituma juzi mse fulani alipouliza swali la ajabu kuhusu mechi. Hakuna kwenye grupu anayejua huyo mtoi ni nani, picha ilitoka wapi, wala mamake alihisije ilipomfikia kwa simu, maana hizi vitu hufika tu.

Leo siji kuwahubiria kuhusu stika. Kinachonisumbua ni kile ambacho stika hiyo inadhani inajua: kwamba mdomo ukiwa wazi na mate yakitoka, basi ndani hakuna mtu. Imani hiyo iko hata kwa watu ambao hawajawahi kutuma stika yoyote. Iko kwa mwalimu wa chekechea, iko kwa shangazi aliyekuja kwa ruracio, iko kwa daktari aliyechoka saa kumi jioni foleni ikiwa bado imefika mlangoni. Na ni imani ya uongo.

Kuna watoto ambao ubongo wao unasikia, unaelewa, unakasirika na kushika utani, ila hauwezi kuiamuru midomo, ulimi, taya na koo vifanye kazi inavyotakiwa. Hali yao ina jina. Inaitwa sindromu ya Worster-Drought, kutokana na daktari wa neva Mwingereza, Cecil Worster-Drought, aliyeieleza kwenye jarida la matibabu mwaka 1956. Iko ndani ya ile familia kubwa ya mtindio wa ubongo, ambao wengi mtaani wanaujua kwa herufi mbili tu, CP. Tofauti ni kwamba sisi tukisikia CP tunafikiria mtoto wa kiti cha magurudumu, miguu imekaza, mikono imekunjika. Huyu wa Worster-Drought anaweza kuwa anakimbia uwanjani na wenzake. Shida yake kubwa iko kuanzia puani hadi kooni.

(Jina lenyewe lina kichekesho chake. Drought kwa Kiingereza ni ukame, na ugonjwa huu ndio ule unaolowesha fulana tatu kabla ya saa sita mchana.)

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma. Lakini mambo haya yameandikwa na madaktari wenyewe, na ukiyasoma polepole yanaeleweka.

Fikiria taa ya chumbani mwako. Bulbu iko poa. Waya kutoka kwa swichi hadi bulbu uko poa. Lakini umeme haufiki kwenye swichi, kwa sababu kuna tatizo kule juu kwenye boksi kuu. Ndivyo ilivyo hapa. Misuli ya uso na ulimi ya mtoto huyu haijaoza wala kufa. Neva zinazotoka kwenye shina la ubongo kwenda kwa misuli hiyo zipo na zinafanya kazi. Kilicho na hitilafu ni sehemu ya juu kabisa, kwenye gamba la ubongo, mahali ambapo amri ya “funga midomo”, “sukuma chakula nyuma”, “meza” inaandikwa kabla ya kutumwa. Madaktari wa zamani waliiita sehemu ya chini ya shina la ubongo bulbu, kwa vile ina umbo la kitunguu, ndiyo maana jina la kitaalamu la ugonjwa huu linasema shida iko “juu ya bulbu”. Mfano wangu wa taa haukuwa mbali sana.

Kuna jambo lingine linaloufanya uwe adimu. Sehemu kubwa ya misuli ya kumeza na kutamka hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kulia na kushoto. Ni kama nyumba yenye laini mbili za stima. Mtu mzima akipata kiharusi upande mmoja, mara nyingi upande wa pili unashikilia na baada ya muda anameza tena. Ili mtoto awe na hali hii kwa ukali, pande zote mbili lazima ziwe zimeathirika, kwenye eneo linalozunguka ule mfereji mrefu ulio ubavuni mwa ubongo, juu kidogo ya sikio.

Mwaka 1993, jarida la Lancet lilichapisha ripoti kuhusu watu waliokuwa na dalili za namna hii, na picha za MRI zikaonyesha kwamba gamba la ubongo kwenye eneo hilo lilikuwa na mikunjo midogo midogo kupita kiasi, pande zote mbili. Ingekuwa rahisi kama hadithi ingeishia hapo: piga picha, ona mikunjo, pata jibu. Lakini watoto wengi wenye Worster-Drought wakipigwa MRI, picha haionyeshi mikunjo hiyo. Sasa fikiria mzazi aliyefanya mchango wa grupu nzima la ukoo kulipia hiyo picha, kisha anaambiwa haionyeshi kitu. Anatoka pale na maneno mawili kichwani: mtoto yuko sawa. Akifika nyumbani mtoto bado hawezi kumeza githeri.

Twende kwa tabasamu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na wanakosea vibaya.

Uso wako una njia mbili za kupokea amri. Kuna njia ya kutaka: mpiga picha anasema “cheka kidogo”, nawe unavuta midomo hata kama siku yako imekuwa ya balaa. Halafu kuna njia ya hisia: beste wako anateleza mbele ya duka la M-Pesa, na kabla hujafikiria uso wako wote umeshapasuka kwa kicheko. Njia hizi mbili hazianzii mahali pamoja ndani ya ubongo. Guillaume Duchenne, daktari Mfaransa, aliichora tofauti ya tabasamu hizi mbili katika kitabu chake cha mwaka 1862. Miaka 64 baadaye, mwaka 1926, madaktari wengine watatu Wafaransa, Foix, Chavany na Marie, wakaeleza hali ambapo njia ya kwanza imekatika na ya pili imebaki. Mgonjwa hawezi kufungua mdomo akiombwa, lakini akipiga mwayo mdomo unafunguka wenyewe. Hawezi kutabasamu kwa amri, lakini akichekeshwa anacheka.

Hao walikuwa wanazungumzia watu wazima waliopatwa na kiharusi. Lakini jambo hilohilo huonekana kwa baadhi ya watoto ambao sehemu hiyo ya ubongo imeathirika tangu tumboni, au imeharibiwa na maambukizi ya ubongo, au inavurugwa na kifafa.

Sasa mpeleke mtoto kama huyo siku ya picha za shule. Watoto wamepangwa, sweta zimesafishwa, mpiga picha anadai kila mtu acheke. Wote wanacheka. Yeye uso umekaa vile vile. Mwalimu anamwambia, “We, cheka!” Hakuna kitu. Anamwambia tena kwa sauti ya juu. Hakuna. Dakika mbili baadaye mtu anaanguka na kiti, na yule yule mtoto anaangua kicheko, meno yote nje. Mwalimu anaona nini? Anaona jeuri. “Kumbe unaweza! Ulikuwa unanidharau.” Na mtoto hana ulimi wa kujieleza, kwa sababu kujieleza ndiko hasa kunakomshinda.

Ndiyo maana nasema si adabu tu tunayokosa. Tunakosa maarifa, na ukosefu huo unageuka kuwa kofi.

Kabla ya shule kuna miaka ya nyumbani, na hapo mzigo wote uko kwa mathe. Dalili za kwanza huja mapema sana. Mtoto mchanga ananyonya kwa shida, anachoka haraka, anapaliwa, wakati mwingine maziwa yanarudi kupitia puani. Akifikia uji anatema. Akifikia ugali hawezi kutafuna, maana kutafuna ni kazi ya ulimi kusukuma tonge huku na kule, na ulimi wake umelala. Kumlisha sahani moja kunaweza kula saa nzima. Halafu mate. Kila mtoto mchanga hutoa mate, meno yakianza kuota ni mafuriko. Lakini mtoto akifikisha miaka minne na bado mate yanamtiririka mchana kutwa, hilo ni jambo la kuulizia hospitalini.

Halafu maneno hayaji. Hebu jaribu kusema “mama” bila kukutanisha midomo. Sasa “baba”. Huwezi. Yale maneno mawili ambayo kila mzazi anayasubiri yote yanahitaji midomo ifungwe kisha iachiliwe, na hilo ndilo ambalo mtoto huyu hawezi. Wengine huja kuongea kwa sauti ya puani ambayo familia inaizoea na wageni hawaiambui. Wengine hawatawahi kutamka neno ambalo konda ataelewa.

Hapo ndipo mtaa unaingia na majibu yake. Mmoja anasema ulimi umeshikwa chini, akatwe ule uzi. Mwingine anasema ni kilimi, kuna mzee anayekata. Kukata kilimi ni tiba ya zamani katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na watoto wamevuja damu na kupata maambukizi mabaya kwa ajili yake. Kwa mtoto mwenye Worster-Drought ni kukata bulbu wakati tatizo liko kwenye boksi kuu. Anayebaki ni yule wa tatu, mwenye jibu la bei rahisi kuliko yote: mama alimcheka mlemavu akiwa na mimba.

Tuseme wazi. Madaktari wanaona kwamba kwa watoto wengi hitilafu hutokea wakati ubongo unaundwa tumboni. Kuna familia chache ambapo imeonekana kwa zaidi ya mtu mmoja. Si kitu mama alikula, si mahali alipokanyaga, si mtu aliyemcheka. Na hali hii haizidi kuharibika kadiri mtoto anavyokua, yaani ubongo hauendelei kuliwa. Anachokosa mtoto ni usaidizi, na miaka ikipita bila usaidizi ndipo pengo linapokuwa kubwa.

Kwenye ploti moja tuliyoishi kulikuwa na msichana wa miaka saba hivi ambaye hakuwa anaongea. Hakuna daktari aliyewahi kuipa hali yake jina. Wageni wakija alikuwa anaingizwa chumba cha ndani. Lakini muuza maji akifika na mkokoteni, yeye ndiye aliyekuwa anatoka mlangoni na kuonyesha vidole: leo mitungi mitatu, leo miwili. Siku moja yule jamaa akashusha miwili akadai pesa ya mitatu. Msichana alisimama mbele ya mkokoteni akiwa ameinua vidole viwili, hakusonga hadi mamake akatoka. Kwenye ploti hiyo walikuwa wakimwita zuzu. Mtu aliyekuwa anashika hesabu ya maji ya nyumba nzima.

Sitawadanganya kwamba kila mtoto mwenye hali hii ni mwanasayansi aliyefichwa. Mwaka 2000 madaktari wa Uingereza walichapisha katika jarida la Brain uchunguzi wa watoto 47 wenye Worster-Drought. Wengi wao walikuwa na udhaifu mdogo wa mikono na miguu ambao haukuwa unaonekana kwa haraka, wengi walikuwa na ugumu wa kujifunza wa viwango tofauti, na baadhi walikuwa na kifafa. Kwa hivyo kuna wanaohitaji msaada darasani pia. Hoja yangu ni kwamba huwezi kujua ni yupi kwa kutazama mdomo. Kati ya watoto wawili wanaotoa mate sawasawa, mmoja anaweza kuwa anaelewa kila neno unalosema juu yake ukidhani hasikii, na mwingine anaelewa nusu. Lazima upime, na upime kwa njia ambayo haimtaki atamke.

Na sisi tunapima vipi? Mtoto anapelekwa kujiunga na chekechea, anaulizwa kwa mdomo: jina lako nani, hii ni rangi gani, hesabu hadi kumi. Akinyamaza, fomu inaandikwa “hayuko tayari”. Akifanikiwa kuingia, anakutana na kusoma kwa sauti, kukariri, kuimba, kusimama mbele ya darasa. Mtaala wetu mpya unajisifu kwamba unaangalia umilisi wa mtoto badala ya kukariri, jambo zuri kabisa. Lakini umilisi wa kwanza kwenye orodha yake ni mawasiliano, na shule nyingi bado zinasoma neno hilo kama kuongea.

Nchi hii si kwamba haina pa kuanzia. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vile vya EARC, vilianza mwaka 1984. Taasisi ya KISE pale Kasarani ilianzishwa mwaka 1986 ili kufunza walimu wa elimu maalum. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa majina ya kumdunisha. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa ya kuwasiliana. “Njia nyingine inayomfaa”. Hapo ndipo mtoto huyu anaingia, ameandikwa kwenye Katiba miaka hiyo yote, na bado tunamwambia aongee au akae nyumbani.

Njia hiyo nyingine si lazima iwe ya pesa nyingi. Karatasi ngumu yenye picha ishirini: maji, choo, inauma, nataka, sitaki, nani huyo, cheza. Mtoto anaonyesha kwa kidole. Ishara za mikono ambazo familia inajifunza pamoja, kama mikono yake inaruhusu. Kwa anayeweza kupata, kuna tableti yenye programu inayotoa sauti mtoto akibonyeza picha. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akizoea ishara atakuwa mvivu wa kuongea. Wataalamu wamelichunguza hilo na ishara hazimzuii mtoto kusema. Yule ambaye ulimi wake utafunguka, utafunguka tu, na wakati huo wa kusubiri hatakuwa amefungiwa kimya.

Kwenye kula, mtaalamu wa matamshi na umezaji anaweza kumfundisha mzazi jinsi ya kumkalisha mtoto wima, uzito gani wa uji unapita salama, lini kusimamisha. Hii si anasa. Chakula kikiingia kwenye njia ya hewa mara kwa mara, mtoto anapata nimonia, anapewa dawa ya kifua, anapona, anarudi tena mwezi ujao. Faili inanenepa na mtoto anakonda. Mara nyingi hakuna anayeuliza: huyu anakula vipi?

Na mate pia yana tiba. Kuna dawa zinazopunguza mate, na kuna sindano ya botoksi kwenye tezi za mate. Ndiyo, botoksi, ile ile ambayo maceleb wanalipia ili uso uache kusogea. Dunia ina maajabu: mtu mzima analipa pesa ndefu agandishe paji la uso, na mtoto ambaye uso wake umekataa kusogea anaihitaji dawa hiyo hiyo ili akae darasani na shati kavu.

Kuna mtu atasema, mbona unatuletea ugonjwa adimu wa Uingereza wakati hospitali zetu hazina hata glavu? Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56. Nimesikia. Lakini tazama kinachoombwa. Mtaalamu wa kumeza na matamshi katika hospitali ya kaunti hatamhudumia mtoto mmoja wa Worster-Drought kisha akae bure. Atamhudumia mtoto wa CP, mtoto wa mdomo sungura, mtoto mwenye usonji, na babu aliyepata kiharusi wiki jana. Wataalamu hao ni wachache na wengi wako Nairobi, na bei ya kikao kimoja kwenye kliniki ya kibinafsi inaweza kumaliza kodi ya nyumba. Kaunti zinazotangaza nafasi za kazi kila mwaka zinaweza kutangaza na hii.

Kuhusu “adimu”, tahadhari kidogo. Mwaka 2010 wataalamu wa London waliiandikia tena hali hii, na lalamiko lao kubwa lilikuwa kwamba haitambuliwi, licha ya shida kubwa za kula na kuongea ambazo haziishi. Hiyo ni London. Watoto wengi kule walikuwa wanapata jina la hali yao wakiwa wameshafika umri wa kwenda shule. Kitu kisichotambuliwa kitaonekana adimu daima.

Kile kijitabu cha kliniki ambacho kila mama hupewa kina sehemu ya hatua za ukuaji: lini ashike shingo, lini akae, lini aseme neno. Tukienda kliniki tunapimwa kilo, tunachanjwa, tunatoka. Na wewe unayesoma hapa, miaka ishirini na kitu, ndiye unayeenda sasa, au dadako, au demu wako. Fungueni huo ukurasa. Ulizeni wenyewe bila kungoja kuulizwa. Mtoto anapaliwa kila akinyonya? Maziwa yanatoka puani? Ana miaka miwili hajatamka neno, lakini ukimwambia alete kiatu anakileta? Amefika minne na bado analowa? Kaakaa na masikio yake yameangaliwa? Ikibidi, omba barua ya kwenda kwa daktari wa neva za watoto, na uulize jina la hali hiyo kwa sauti: Worster-Drought. Wazazi wamewahi kumfundisha daktari neno jipya, na daktari mzuri hatakasirika.

Kwa walimu wa chekechea, wengi wenu ni rika letu, ombi ni dogo zaidi. Badala ya “hii ni rangi gani?”, weka kadi nne mezani na useme “nionyeshe nyekundu”. Dakika moja. Mtoto akionyesha sawa mara tano mfululizo, usiandike kwamba hayuko tayari. Mpeleke EARC na uandike ulichokiona.

Na ukikutana naye kwa mathree, kwa salon, kwa sherehe ya familia, usimuulize mamake “anaelewa?” huku mtoto amesimama hapo. Mwangalie yeye. Muulize swali ambalo anaweza kulijibu kwa kichwa au kwa kidole: unataka dirishani ama huku? Halafu ungoje. Wengi wetu tunauliza na kujijibu kabla sekunde tatu hazijaisha, na yeye anahitaji zaidi ya hizo. Hesabu hadi kumi, polepole, ukiwa bado unamwangalia.